Ugonjwa wa moyo unaoanzia kooni: kwa nini Australia unawaua zaidi wenyeji wa asili

Doomadgee ni mji mdogo kaskazini-magharibi mwa jimbo la Queensland nchini Australia, karibu na Ghuba ya Carpentaria. Watu wake hawafiki 2,000, na wengi wao ni Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kati ya mwaka 2019 na 2020 wanawake watatu wa mji huo walifariki kwa ugonjwa mmoja. Wawili kati yao walikuwa bado vijana wadogo. Mmoja, msichana wa miaka 18, alikwenda hospitali akiwa anaumwa, akapewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani. Muda mfupi baadaye alikuwa amekufa.

Majina yao hatuyaandiki hapa. Kwa familia nyingi za wenyeji wa asili wa Australia, jina la marehemu halitamkwi ovyo wakati wa msiba, na wakati mwingine kwa miaka mingi baada ya hapo.

Ugonjwa uliowaua unaitwa ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Kwenye kadi za kliniki huandikwa kwa herufi tatu tu: RHD. Upo pia kwetu Afrika Mashariki, na huenda unamfahamu kijana mtaani au kijijini kwako aliyeambiwa ana "tundu la moyo" au "moyo mkubwa" kumbe tatizo lake ni hili. Lakini leo tunakwenda Australia, kwa sababu huko ndiko ugonjwa huu unaonekana wazi kuliko mahali pengine popote: nchi moja, serikali moja, dawa ile ile, na watu wa aina mbili wanaokufa kwa viwango tofauti kabisa.

Koo, kisha viungo, kisha moyo

Ugonjwa huanza na kitu ambacho kila mzazi amekiona, mtoto anayelalamika kuumwa na koo. Mara nyingi koo linaumwa kwa sababu ya virusi vya mafua na hupona lenyewe. Lakini safari nyingine aliyeingia ni bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A. Huyu anahitaji dawa.

Mtoto asipotibiwa, koo hupona lenyewe baada ya siku kadhaa, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Baada ya wiki mbili au tatu, baadhi ya watoto hupata homa. Goti linavimba na kuuma, kesho yake goti linapoa na maumivu yanahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Wengine mikono na uso huanza kuchezacheza bila wao kutaka. Wanaangusha vikombe, mwandiko unaharibika, mwalimu anawachapa akidhani ni utundu. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 14.

Kinachotokea mwilini ni kama kijiji kilichovamiwa na mwizi. Sungusungu wanatoka usiku kumtafuta. Wameambiwa mwizi amevaa shati jekundu, nao wanamkuta jirani asiye na hatia amevaa shati kama hilo, wanampiga. Ngao ya bakteria huyu inafanana kidogo na nyama za mwili wetu, hasa za moyo na viungo. Kinga ya mwili ikimfukuza bakteria, inajikuta inaushambulia moyo.

Viungo hupona. Moyo ndio unaobaki na makovu. Ndani ya moyo mna vilango vinne, madaktari huviita vali, vinavyofunguka na kufunga kila pigo ili damu iende mbele isirudi nyuma. Kilango kilichopata makovu kinakuwa kama mlango wa banda uliopinda: haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka, au umekwama, haufunguki vya kutosha, damu inajazana nyuma yake hadi kwenye mapafu. Kila safari mtoto anapopata tena maambukizi ya bakteria yule, homa inaweza kurudi na makovu yakaongezeka. Ndiyo maana ugonjwa huu haumuui mtoto siku ile koo linapouma. Humuua akiwa na miaka 17, au 25, au 35.

Huua kwa njia kadhaa. Moyo unachoka kusukuma, miguu inavimba, mtu hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Au mapigo yanavurugika, damu inaganda ndani ya moyo, bonge linaruka hadi kwenye ubongo, na kijana anapata kiharusi ambacho tumezoea kukiona kwa wazee. Au vijidudu kutoka kwenye jino bovu vinaingia kwenye damu na kukaa juu ya kilango kibovu. Na kwa wanawake kuna ujauzito: mwili wa mjamzito una damu nyingi zaidi, moyo unatakiwa kufanya kazi zaidi, na mwanamke ambaye hakujua kabisa kuwa ana tatizo anaanza kuhema miezi ya mwisho au siku ya kujifungua.

Mara 55

Wenyeji wa asili wa Australia, yaani Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, ni watu wasiofikia 4 katika kila watu 100 wa nchi hiyo. Lakini ukiangalia orodha za wagonjwa wapya wa homa ya baridi yabisi katika majimbo yanayoweka kumbukumbu, zaidi ya 9 kati ya kila 10 ni wao.

Kuhusu vifo, utafiti unaotajwa mara nyingi ulichapishwa mwaka 2015. Watafiti walikusanya kumbukumbu za vifo vya ugonjwa huu na kulinganisha wenyeji wa asili na wasio wenyeji wa asili. Katika Northern Territory, eneo la kaskazini ambalo karibu theluthi ya wakazi wake ni wenyeji wa asili, waliona kwamba kati ya 1997 na 2005 mwenyeji wa asili alikuwa na uwezekano wa kufa kwa ugonjwa huu karibu mara 55 kuliko Mwaustralia mwingine wa umri wake. Katika majimbo mengine waliyoyachunguza tofauti ilikuwa mara 12 hivi. Hata hiyo mara 12 ni tofauti kubwa mno. Hizi namba za vifo vya magonjwa mara nyingi hutofautiana kwa mara moja na nusu au mbili, na watu hupiga kelele.

Maneno "wa umri wake" yana uzito, na hapa inafaa tukae kidogo. Ukihesabu tu vyeti vya vifo kwa nchi nzima ya Australia, utakuta Wazungu wengi wamekufa huku cheti kikiandikwa ugonjwa huu. Mtu anaweza kukuambia: mbona hata wao wanakufa? Ni kweli, lakini tazama umri. Wengi ni wazee sana, waliopata homa utotoni zamani, kabla na baada kidogo ya Vita Kuu ya Pili, na wameishi na kilango kibovu miaka 60 au 70. Tena kanuni za kimataifa za kuandika sababu za vifo zina kasoro: mzee mwenye vilango zaidi ya kimoja vilivyoharibika huweza kuandikwa kwenye kundi la baridi yabisi hata kama vilango vyake vimechakaa kwa uzee tu. Kwa hiyo upande mmoja namba imevimbishwa na wazee, na upande wa pili waliokufa ni vijana.

Chukulia vijiji viwili. Kimoja kimejaa wazee, kingine kimejaa vijana na watoto. Ukikuta misiba kumi katika kila kijiji, huwezi kusema hali ni sawa. Ndiyo maana wataalamu hurekebisha hesabu kwa umri kabla ya kulinganisha. Wakifanya hivyo, ndipo inapotokea ile mara 55.

Siyo damu, ni nyumba

Swali la kwanza ambalo watu wengi huuliza ni kama Waaborijini wamezaliwa na udhaifu fulani. Watafiti wameliangalia. Katika kila taifa wapo watu ambao miili yao hupata homa hii kwa urahisi kuliko wengine, na vinasaba vina mchango wake. Lakini vinasaba havielezi historia.

Miaka 100 iliyopita homa ya baridi yabisi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoua zaidi watoto wa shule huko Marekani na Uingereza. Hospitali za London na Boston zilikuwa na wodi za watoto wa Kizungu waliolazwa miezi mingi kwa ajili ya moyo. Kisha ugonjwa ukaanza kupungua. Wengi hudhani ni penisilini iliyofanya kazi hiyo, na kweli penisilini ilisaidia sana, lakini vifo vilikuwa vimeanza kushuka kabla dawa hiyo haijaanza kupatikana kwa raia katikati ya miaka ya 1940. Kilichobadilika kwanza ni maisha: watu wachache kwa chumba, maji ya bomba ndani ya nyumba, watoto kulala kila mmoja kitandani kwake, chakula bora. Wazungu hawakubadilisha damu yao kati ya mwaka 1900 na 1960. Walibadilisha nyumba.

Katika vijiji vya mbali vya Australia mabadiliko hayo hayakufika, au yalifika nusu. Nyumba moja ya vyumba vitatu inaweza kubeba familia tatu. Bakteria huyu hupita kwa mate, kikohozi na mguso, na anapenda sana mahali watoto wanapolala wamebanana.

Kuna jambo jingine ambalo madaktari wa kaskazini mwa Australia wamelisisitiza. Katika vijiji hivyo watoto wengi wana vidonda vya ngozi, vingi vikiwa vimeanzia kwenye upele waliojikuna. Tafiti zimeonyesha kwamba kwa wakati wowote ule karibu nusu ya watoto wa vijiji vya mbali wana vidonda hivyo, na ndani yake mnaishi bakteria huyu huyu wa koo. Wanasayansi wengi wa huko sasa wanaamini kwamba homa inaweza kuanzia kwenye ngozi pia, siyo kooni peke yake. Zamani vitabu vilisema koo tu. Kwa mzazi wa kijijini maana yake ni moja: kidonda cha ngozi kinachotoa usaha nacho kinastahili kupelekwa zahanati.

Na ngozi huoshwa kwa maji. Mwaka 1987 timu ya watu wa afya na wajenzi ilifanya kazi kwenye ardhi ya Waanangu, Waaborijini wa jangwa la Australia Kusini, ikauliza swali rahisi: nyumba inahitaji nini ili watu wasiugue? Walitoka na orodha ya mambo tisa. La kwanza kabisa lilikuwa uwezo wa kumwogesha mtu, hasa mtoto mdogo, kila siku. La pili kufua nguo na matandiko. Baadaye wakaenda nyumba kwa nyumba kupima bomba, sinki, choo na nyaya za umeme. Serikali na magazeti yalikuwa yamezoea kusema kwamba Waaborijini wanaharibu nyumba wanazopewa. Hesabu ilionyesha vinginevyo: uharibifu wa wakazi wenyewe ulikuwa chini ya sehemu 10 katika 100. Sehemu kubwa ilikuwa ni kukosa matengenezo ya kawaida, na iliyobaki ni fundi kutojenga sawasawa tangu mwanzo. Bomba la maji machafu lisilounganishwa popote, kwa mfano.

Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Watu walilaumiwa kwa uchafu katika nyumba ambayo bomba lake halikuwa linatoa maji.

Sindano moja kila mwezi, kwa miaka kumi

Mtoto akishapata homa mara moja, bado anaweza kuokolewa. Anahitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu, benzathini, kila baada ya wiki tatu au nne, ili bakteria asipate nafasi ya kurudi. Muda wake si mfupi: angalau miaka 5 hadi 10, au mpaka afike miaka 21, na kwa wenye moyo ulioharibika sana mpaka 40. Dawa yenyewe ni ya miaka ya 1950 na haijabadilika. Ni nzito kama uji, hupigwa ndani kabisa ya msuli, na inauma. Wapo watoto wanaojificha porini wakiona gari la wauguzi.

Northern Territory ilianza mwaka 1997 kuweka daftari la wagonjwa wote ili kila mmoja akumbushwe siku yake. Mwaka 2009 serikali ya Australia iliweka mpango wa kitaifa na majimbo mengine yakafuata. Daftari linasaidia, lakini daftari halipigi sindano. Mhudumu akibadilika kila baada ya miezi mitatu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya huko, mtoto anamkuta mgeni asiyejua lugha yake wala jina la bibi yake. Familia ikienda msibani kilomita 400, siku inapita. Ikipita siku tano, kumi, kinga imeisha.

Doomadgee hawakukosa hospitali. Walikuwa na hospitali, na walikuwa na kliniki ya jamii. Hakimu mchunguzi wa vifo wa Queensland alisikiliza ushahidi wa vifo vya wale wanawake watatu na kutoa matokeo yake mwaka 2023. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba taarifa za mgonjwa zilizokuwa upande mmoja hazikuwa zinaonekana upande wa pili. Anayempokea mgonjwa usiku hakuwa na ugonjwa wake mbele ya macho. Kwa mgonjwa wa vilango vya moyo, homa na kukosa pumzi si jambo la kupewa vidonge viwili na kwenda kulala.

Ikifika hatua ya upasuaji, safari ni ndefu. Mtoto wa karibu na Darwin anayehitaji kurekebishiwa kilango hupelekwa Melbourne, zaidi ya kilomita 3,000 kwa ndege, upande wa baridi, pamoja na mlezi mmoja, kwa wiki kadhaa. Akiwekewa kilango cha chuma, lazima anywe dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Msichana mwenye kilango hicho akishika mimba anaingia kwenye hatari mbili kwa pamoja, kwa sababu dawa ile ile inayomlinda inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na kuna wasiojulikana kabisa. Mwaka 2018 madaktari walikwenda Maningrida, kijiji kikubwa cha pwani ya Arnhem Land, na mashine ya ultrasaundi ya moyo. Walipima mamia ya watoto na vijana. Karibu mmoja kati ya kila 20 alikuwa na ugonjwa huu, na nusu hivi ya hao hawakuwa wamegunduliwa kabla. Ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa kupata kupimwa duniani, katika nchi yenye utajiri kama wa Australia.

Mwaka 2020 muungano wa watafiti na mashirika ya afya ya wenyeji wa asili ulitoa mkakati wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2031. Walikadiria kwamba mambo yakiachwa yaendelee vile vile, watu 8,667 zaidi wa jamii hizo wangepata homa au ugonjwa wa moyo kufikia mwaka huo, na 663 wangekufa. Mkakati uliweka mambo mawili mbele ya yote: nyumba zinazokalika, na huduma za afya zinazoongozwa na jamii zenyewe.

New Zealand hadithi inafanana. Homa hii imekwisha karibu kabisa kwa watoto wa asili ya Ulaya, lakini Wamaori na watu waliotoka visiwa vya Pasifiki ni zaidi ya 9 kati ya 10 ya wanaolazwa. Kuanzia 2011 serikali ilipeleka wauguzi shuleni kupima makoo ya watoto. Namba zilishuka kwa muda, kisha zikapanda tena.

Kwetu Afrika Mashariki

Huku kwetu hakuna kabila moja linalobeba ugonjwa huu peke yake. Unafuata umaskini na umbali wa kituo cha afya. Duniani kote watu zaidi ya milioni 40 wanaishi nao na unaua zaidi ya watu 300,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa katika nchi kama zetu. Kati ya 2010 na 2012 watafiti waliandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Ndani ya miaka miwili 500 walikuwa wamefariki, na nusu ya waliofariki hawakufikisha miaka 29.

Lakini kutoka hapa hapa kumetoka pia jibu ambalo dunia nzima, Australia ikiwemo, ilikuwa inalisubiri. Swali lilikuwa hili: ukimpima mtoto anayeonekana mzima na kukuta dalili za mwanzo kwenye kilango, je, sindano za kila mwezi zinasaidia, au unamtesa bure? Kuanzia mwaka 2018 watafiti walipima watoto zaidi ya 100,000 kaskazini mwa Uganda, eneo la Gulu. Walipata 818 wenye ugonjwa uliojificha waliokubali kuingia kwenye utafiti. Nusu walipewa sindano kila wiki nne, nusu hawakupewa. Baada ya miaka miwili, kwa waliochomwa, ni watoto 3 tu ambao ugonjwa ulikuwa umeongezeka. Kwa wasiochomwa walikuwa 33.

Wasikilizaji wetu mara nyingi hutuuliza maswali yanayofanana kuhusu ugonjwa huu, tuyajibu hapa kwa ufupi. Ugonjwa wa moyo wenyewe hauambukizi; hutaupata kwa kula au kulala na mgonjwa. Kinachoambukiza ni bakteria wa koo na vidonda. Haurithiwi kama rangi ya macho, ingawa ndugu wa nyumba moja huweza kuupata wote kwa kuwa wanaishi pamoja. Si uchawi, na mtoto anayechezacheza mikono hajarogwa wala hana kiburi. Dawa ya mitishamba inaweza kutuliza koo lakini haimuui bakteria huyu.

Koo la kutilia shaka ni lile linalouma ghafla pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, mafindofindo yamevimba na pengine yana usaha mweupe, na tezi za shingoni zinauma ukizigusa. Mpeleke mtoto zahanati. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, kwa kawaida huizuia homa ya baridi yabisi isitokee. Akipewa vidonge vya siku kumi, ni siku kumi, hata kama siku ya tatu ameshaanza kucheza mpira. Mwambie mhudumu kama mtoto amewahi kupata vipele au kuvimba uso baada ya kupewa penisilini.

Maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kifundo, pamoja na homa, si "kukua" wala si baridi ya asubuhi. Mtoto huyo asikilizwe moyo, na akiweza apate kipimo cha ultrasaundi ya moyo katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Huduma za upasuaji zipo katika ukanda wetu, kwa mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala na Hospitali ya Tenwek kule Bomet nchini Kenya, lakini foleni ni ndefu na gharama ni kubwa, hivyo ni bora kufika mapema wakati sindano bado zinatosha.

Mwanamke aliyewahi kuambiwa ana tatizo la kilango cha moyo azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, na akishashika mimba aseme siku ya kwanza ya kliniki. Mwenye kilango kibovu amwambie pia daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Na aliyekwisha kuanza sindano za kila mwezi, akisafiri kwenda kuvuna, msibani au shule ya bweni, aende na kadi yake na aulize zahanati ya kule kama dawa ipo kabla siku yake haijafika. Benzathini huadimika mara kwa mara, na wiki moja ya kuitafuta ni ndefu kwa mtu ambaye kinga yake inaisha siku ya 28.